Wikendi ya Plasta

Plasta niliijua kwanza kama uchafu. Kabla sijaishika kama kazi, nilipiga deki chumba chake miaka miwili katika hospitali moja ya kusini mwa London, na nawaambieni, wenzangu mnaobaki, hakuna uchafu mkaidi kama ule. Ukiumwagia maji ya moto, unaganda. Ukiusugua ungali mbichi, unatandaa sakafu nzima. Ukiuacha ukauke halafu ukafagia, unapaa na kutua kwenye madirisha uliyokwisha kuyafuta. Dawa yake ni kungoja ukauke nusu, uukwangue kwa kipande cha plastiki, ndipo upige deki kwa maji baridi. Hilo sikufundishwa na mtu.

Sasa ni mwezi wa tatu tangu nistaafu, na mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa. Vyeo nitaviruka, maana havikuwa vingi, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitawaeleza jinsi mikono hii ilivyofundishwa. Kila nikifikiria hayo moyo unanienda mbio, utadhani kesho asubuhi naripoti kazini kwa mara ya kwanza.

Fundi mkuu wa chumba cha plasta wakati huo alikuwa Bwana Kirpal, Singasinga mrefu mwenye kilemba cha samawati na aproni iliyojaa madoa meupe. Kwa wiki zote za mwanzo nilimwona kama adui yangu. Akichovya bendeji za plasta kwenye beseni alinyunyiza maji hadi mlangoni. Siku moja, nikiwa nimepiga magoti nakwangua chini ya kitanda, nikanung'unika kwa Kiswahili, nikijua fika kwamba mle ndani hakuna anayenielewa, kwamba mtu mzima hovyo anamwaga kama mtoto mchanga.

"Mtu mzima amesikia," ikajibu sauti juu yangu, kwa Kiswahili.

Nilitamani sakafu ipasuke. Kumbe alizaliwa Kisumu, baba yake alikuwa fundi wa reli, na Kiswahili alikuwa nacho cha bara, cha karakana, kisichojali sana adabu za sisi watu wa Mombasa. Hakukasirika. Aliniuliza nawezaje kuitoa ile plasta sakafuni, kwa sababu msafishaji aliyenitangulia alishindwa kabisa. Nikamweleza habari ya kungoja ikauke nusu. Akasema kwamba kujua wakati plasta iko nusu ndiyo kazi yake yote, na kwamba wapo watu waliosoma miaka mitatu na hawajui.

Baada ya hapo ikawa kila nikiingia ananipa kitu cha kushika. Shika beseni. Shika mguu huu, usiutikise. Sikuwa na ruhusa, na siku hizi hata yeye asingethubutu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Miezi michache baadaye alimwendea msimamizi akasema anataka kunifundisha kazi, na nafasi ya mwanafunzi ikapatikana. Nilipoambiwa nilijifungia chooni nikacheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka.

Masomo yake yalikuwa ya mikono. Alinifumba macho kwa kitambaa nikachovya bendeji kwenye maji ya vuguvugu na kusikiliza. Viputo vikinyamaza, bendeji imeshiba, itoe. Alinikataza kugusa plasta mbichi kwa ncha za vidole, maana kila ncha inaacha kishimo, na kila kishimo kwa ndani ni kinundu kinachomdunga mgonjwa wiki sita. Tumia kiganja, Mama Fatuma, alikuwa akisema, akiniita kwa jina la binti yangu. Siku ya msumeno wa kukatia plasta aliuwasha, ukaunguruma, akauweka juu ya kiganja chake mwenyewe. Haukumkata, kwa sababu meno yake hayazunguki, yanatetema tu. Kigumu kinakatika na ngozi laini inacheza nayo. Halafu akanishika mkono ili auweke kwangu. Nilipiga kelele kabla haujanigusa. Tangu siku hiyo, mtoto akilia kwa kuuona msumeno sikumwambia hata mara moja kwamba anajiogofya bure.

Kisha ikaja desturi yake, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu. Bwana Kirpal hakumruhusu mwanafunzi yeyote kumfunga mgonjwa kabla mwanafunzi mwenyewe hajafungwa. Ijumaa jioni anakufunga plasta ya mguu, kuanzia chini ya goti hadi vidoleni, anakupa magongo na namba ya simu ya nyumbani kwake, unakwenda zako. Jumatatu unarudi, anaikata.

"Ikiuma hata kidogo, nipigie," aliniambia. "Nitakuja hapo kwako na mkasi."

Naishi Thamesmead, mabasi mawili kutoka kazini. Jioni ile ndipo nilipojua kwamba ngazi ya basi ina kimo, kwamba dereva haondoki vibaya ila kwa yule asiyeweza kushika nguzo, na kwamba watu wa London ni wema sana kwa mwenye magongo, ilimradi asiwatazame usoni. Nyumbani wanangu walishangilia, wakaandika majina yao kwenye plasta. Nilipika chapati nimeketi. Nilitia udhu kwa kupangusa juu ya plasta, nikasali juu ya kiti, na mume wangu akawa anapita akikohoa kikohozi cha mtu anayezuia kicheko. Hayo yote yalinifaa baadaye, maana mpaka nastaafu nilikuwa nikiwaeleza wagonjwa vitu ambavyo havimo katika karatasi tunayowapa: jinsi ya kushuka ngazi kwa makalio, na kwamba wali uchemshwe na mtu mwingine.

Jumamosi mchana kisigino kilianza kuniuma. Kitu kidogo, kama punje ya kunde ndani ya kiatu, ila hiki kiatu hakivuliki. Kufikia jioni punje ilikuwa imekuwa kokoto. Mume wangu akaniletea simu. Nikakataa. Nimpigie Bwana Kirpal nimwambie nini? Kwamba kazi yake ni mbovu? Mtu mkubwa kwangu, aliyenitoa kwenye deki, amepiga magoti kunifunga mguu, halafu mimi nimkosoe siku ya mapumziko yake? Nyumbani kwetu hatukulelewa hivyo. Nikavumilia Jumamosi, nikavumilia Jumapili, na Jumatatu nikapanda mabasi yangu mawili nimeuma meno.

Aliniuliza wikendi ilikuwaje. Nikamjibu nzuri tu, haina shida, nashukuru.

Aliikata plasta, akaondoa pamba, akaugeuza mguu wangu na kunionyesha kisigino kwa kioo. Palikuwa na duara jekundu. Kisha akaichukua ile pamba ya ndani, akanionyesha kunjo dogo mahali pale pale. Alikuwa ameliweka kwa makusudi.

"Mimi nilikaa karibu na simu siku mbili," akasema. "Hata hekaluni sikwenda. Nilingoja wewe useme."

Nilianza kumwomba radhi, akaikatiza radhi yangu kwa mkono. Aliniambia kwamba sasa namjua mgonjwa. Wengi watakaopita hapa, Wahindi, Waafrika, na Waingereza wazee vilevile, watasema hawajambo huku kidole kinakufa. Wanaogopa kukusumbua. Kwa hiyo usimuulize mtu kama anaumia. Tafuta njia nyingine ya kujua.

Niliona haya, na wakati huo huo niliona kitu kimefunguka kichwani. Nilitoka pale nachechemea kwa furaha.

Darasani nako nilipelekwa, na silidharau darasa. Huko nilijifunza majina ya mifupa na njia za mishipa, nikaelewa kwa nini Bwana Kirpal alikuwa akiweka gumba pale na si hapa, jambo ambalo yeye mwenyewe hakuweza kulieleza. Lakini tulifanyia mazoezi kwenye mkono wa mpira, na mkono ule haukuwahi kuvimba wala kusema uongo. Mwalimu wetu alituandikia ubaoni kwamba dalili ya kwanza ya plasta inayobana ni mgonjwa kulalamika maumivu. Nikanyoosha mkono nikauliza, na asipolalamika? Akasema atalalamika.

Mama Wambui hakulalamika.

Huyu alikuwa Mkenya wa makamo, msusi, mwenye kiti chake katika saluni moja ya Peckham. Aliteleza kwenye ngazi zenye mvua akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Mkono wake ndio wa kwanza niliofunga kuanzia mwanzo hadi mwisho bila Bwana Kirpal kuugusa. Alisimama tu nyuma yangu akitazama. Nilipomaliza aliipigapiga ile plasta kwa fundo la kidole, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Usiku ule niliwapikia watoto pilau, ingawa ilikuwa siku ya kazi.

Kesho yake Mama Wambui akaja kukaguliwa, kama ilivyo kawaida. Chumba kilijaa. Daktari alikuwa kwenye upasuaji, na Bwana Kirpal ameitwa wodini ghorofa ya tatu. Nesi akamuuliza kwa Kiingereza kama ana maumivu, akajibu "No, I'm fine, thank you, dear," nesi akatia alama kwenye karatasi na kumwelekeza mlango. Alipita karibu yangu akiwa amevaa koti lake zuri la kanisani. Nikamwamkia.

"Mama, mkono unaendeleaje?"

"Niko sawa tu. Nashukuru Mungu."

Nilimsikia, na kisigino changu kikanikumbusha. Maneno yalikuwa yale yale niliyomwambia Bwana Kirpal. Nikaona pia mkoba ameuhamishia kushoto na vidole vya kulia amevificha ndani ya mkono wa koti. Sikumuuliza kama anaumia. Nilikata vipande vitatu vya bendeji kavu, nikavifunga kwenye mpini wa droo, nikamwambia binti yangu ana sherehe Jumapili na mimi sijui kusuka hata nywele tatu. Anionyeshe tu mwanzo wa msuko.

Akacheka, akajongea. Msusi humwambii mara mbili. Mkono wa kushoto ukashika kipande chake vizuri. Wa kulia ukatoka ndani ya koti, na vidole vilikuwa vimevimba, vina rangi ya kijivu. Akajaribu kushika kipande cha pili kwa gumba na kidole cha shahada, kikadondoka. Akajaribu tena, kikadondoka. Mara ya tatu hakujua kwamba kimedondoka. Aliendelea kusuka hewa, mpaka alipotazama chini. Kicheko kikafutika usoni.

"Tangu usiku sivisikii," akasema polepole. "Sikutaka kuwasumbua. Uliifunga vizuri sana."

Mwanafunzi haruhusiwi kuwasha msumeno bila msimamizi chumbani. Kanuni hiyo niliijua kwa moyo. Nilijua pia kwamba mkono usiopata damu haungoji lifti ishuke kutoka ghorofa ya tatu, na kwamba vidole vile ndivyo vilivyokuwa vikilisha nyumba. Nikampigia kelele nesi amwite daktari, halafu nikamketisha Mama Wambui na kuwasha msumeno. Nilipasua upande mmoja, nikapasua wa pili, nikaipanua, nikakata pamba na kitambaa mpaka ngozi ikaonekana, nikauinua mkono juu. Ilikuwa ile ile plasta niliyoisifia hadi nikaipikia pilau.

Tukavitazama vidole, mimi na yeye. Sijui zilipita dakika ngapi. Kwanza hakuna kitu. Kisha kucha ya kidole cha kati ikaanza kupata rangi, ikafuata ya shahada, na Mama Wambui akavuta pumzi kwa nguvu na kusema sindano, nasikia sindano. Nilifurahi nikamkumbatia na msumeno ungali mkononi, umezimwa, nashukuru.

Bwana Kirpal alifika pamoja na daktari. Daktari akamchunguza, akasema tumewahi. Bwana Kirpal aliokota vipande vya plasta yangu, akavielekeza kwenye taa, akavitazama ndani kwa muda mrefu huku nikingoja hukumu.

"Plasta ni nzuri," akasema. "Mkono ulivimba tu. Plasta nzuri pia inaua mkono, Mama Fatuma. Umeona?"

Nilikuwa nimeona. Nililipokea pia karipio la maandishi kuhusu msumeno, na ninalo hadi leo kwenye bahasha moja na cheti changu. Mama Wambui alifungwa upya, safari hii kwa nafasi ya uvimbe, na wiki sita baadaye alikuja akausuka ule msuko wa bendeji mpaka mwisho, mkazo mzuri, hauna hata nywele moja ya makosa kama ungekuwa na nywele. Unaning'inia kwenye msumari juu ya sinki. Kila msimamizi mpya aliyetaka kuutupa nilimweleza habari yake, na kila mmoja akaurudisha mwenyewe.

Miaka ikaenda. Plasta nyeupe ikaanza kuziachia nafasi zile plasta ngumu za rangi rangi ambazo watoto huchagua kama aiskrimu. Bwana Kirpal alistaafu, akanipa mkasi wake mkubwa wa plasta, ule wa mkono, wenye mipini iliyochakaa kwa viganja vyake. Nami nikawafunga wanafunzi wangu wote kila mmoja Ijumaa yake. Baadhi yenu mnasoma hapa mkijipapasa kisigino. Na karibu nyote, Jumatatu, mliniambia wikendi ilikuwa nzuri tu.

Wa mwisho alikuwa Shani. Mnamjua, lakini mlimjua akiwa kimya. Amezaliwa Lewisham, mama yake Mkenya, na Kiswahili anakisikia chote ila anajibu kwa Kiingereza. Mikono yake ilikuwa bora kuliko yangu nilipoanza, hilo nakiri bila wivu, au kwa wivu kidogo. Kilichonitia wasiwasi ni adabu yake. Miezi mitatu hakuwahi kunipinga. Siku moja nilimwomba kwa makusudi bendeji ya saizi ya paja wakati mbele yetu kuna mkono wa mtoto wa miaka minne. Akanipa, akashusha macho. Nikimuuliza chochote jibu lilikuwa "Yes, Auntie," "It's fine, Auntie." Mtu anayeogopa kumwambia mkubwa kwamba amekosea atatia alama kwenye karatasi kama yule nesi, na mlangoni utapita mkono wa msusi mwingine. Nami nilikuwa nimebakiza wiki moja. Mafunzo ya siku hizi yapo kwenye kompyuta, yana picha nzuri na maswali ya kubofya, na hakuna ukurasa wa hili. Kama halikumwingia kwangu, lingemwingia wapi?

Msimamizi alisema wikendi ya plasta haimo katika mtaala. Shani akasema, kwa sauti ya chini, kwamba anaitaka. Akatia sahihi karatasi ya kukubali kwa hiari yake, na Ijumaa nikamfunga. Kunjo nililiweka kwenye pamba pale pale nilipowekewa mimi, dogo, lisiloweza kumdhuru. Nikampa magongo na namba yangu, nikamwambia maneno yale yale ya Bwana Kirpal. Mkasi niliubeba kwenye mkoba nikaenda nao nyumbani.

Jumamosi mume wangu alitaka twende sokoni. Nikamwambia aende peke yake. Niliiweka simu mezani, nikaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Saa nne kimya. Saa tano kimya. Nikamwelewa Bwana Kirpal kuliko nilivyowahi kumwelewa, mwanamume mzima amevaa kilemba chake kizuri anaitazama simu na hekaluni hakwenda. Nilianza kujilaumu: labda nimemsomesha vibaya, labda anajikaza kwenye kochi anamwambia mama yake it's fine. Saa sita adhana ya simu ikalia, nikaruka nikidhani ni yeye. Nikasali. Nilikuwa bado kwenye mkeka ilipolia kweli.

"Auntie, shikamoo," akasema Shani. "Samahani sana, Auntie. Kisigino kinauma. Umekosea kukifunga."

Kwa Kiswahili, kwa mtu mkubwa, siku ya mapumziko yake. Nilipiga kigelegele kimoja ambacho nadhani kilisikika ghorofa nzima, akaniuliza Auntie, are you okay, nikamwambia asiteremshe mguu, auegemeze juu ya mito, nakuja. Nilichukua mkasi wa Bwana Kirpal, nikatoka na kandambili.